Kimya cha Jumamosi

Mbwa walibweka mara moja tu, wakanyamaza. Rogathe, aliyekuwa anapepeta maharage uani, akajua mgeni ni mtu wanayemfahamu. Na mgeni asiye jirani, lakini mbwa wa nyumba ile wanamfahamu, alikuwa mmoja tu dunia nzima. Hakuinua macho. Aliendelea kupepeta mpaka punje nzima nzima zikawa zinaruka pamoja na makapi, ndipo akauweka ungo chini.

Meshack alikuwa amekonda. Miaka miwili aliyokuwa tabibu wa zahanati ya Masieda, kabla hajahamishiwa Katesh, wanawake walizoea kusema kijana yule wa Tukuyu akikuchekea homa inaona aibu. Leo shati lilimning'inia mabegani, kichwa kimenyolewa, na mikononi hakushika kitu chochote. Rogathe aliitazama ile mikono mitupu. Hakuna mwanamume aendaye ukweni hivyo, hata awe maskini wa kutupwa. Akajua hakuja kwa habari ya posa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama yake Rogathe, Marieta, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko akipukuchua mahindi. Hakumtazama. Kidole gumba chake kiliendelea kuzisukuma punje ndani ya beseni.

Mzee Theodory alitoka zizini na samadi kwenye mabuti. "Meshack? Karibu, mwanangu. Pole. Pole sana kwa msiba wa mama. Tulitaka kuja, tukaambiwa barabara imekatika, halafu tukaambiwa umeshasafirisha."

"Shikamoo, baba. Nimeshapoa."

Hajapoa, alijisemea Rogathe. Mtu gani anapoa kwa macho yale.

Habari ya Katesh nani hakuisikia. Jumapili ile ya Desemba, alfajiri, watu wakiwa bado vitandani, mlima Hanang ulishusha matope na magogo juu ya nyumba za Jorodom. Meshack alikuwa zamu ya usiku kituo cha afya. Kwenye chumba chake cha kupanga alikuwa amewaacha wageni wawili, mama yake na baba yake mdogo, waliotoka Tukuyu kwa ajili ya kuja Masieda kumposea Rogathe. Baba mdogo alitolewa na mguu uliovunjika. Mama alipatikana siku iliyofuata.

"Baba, sikuja kukaa," alisema Meshack. "Nimepewa uhamisho. Kesho asubuhi napanda basi, narudi kwetu moja kwa moja. Naomba niongee na Rogathe hapa hapa uani, mbele yenu. Nina swali moja."

"Swali gani tena, mwache mtoto," mama alisema.

"Mama Evaline," Mzee Theodory alimkatiza, kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama alivyozoea, "mtu aliyefiwa hanyimwi maneno. Mletee maziwa."

Mama hakuinuka. Mzee akasubiri kidogo, akaona aibu mbele ya mgeni, akaingia ndani kuyatafuta mwenyewe.

Rogathe na Meshack walikaa kwenye gogo kando ya zizi. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Zamani nafasi ile ilikuwa ya heshima tu, na macho yao yalikuwa yanairuka bila taabu. Sasa hata kumtazama aliogopa.

"Nilikutumia pole," alianza Rogathe. "Nyingi."

"Niliona zinaingia. Sikuweza kuzifungua."

"Nimekuwa napanda Hewani kila siku kuangalia kama..."

"Rogathe." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha. "Ijumaa ile ulisoma ujumbe wangu?"

"Nilisoma."

"Najua. Tiki zilikuwa bluu. Nilitaka uniambie kwa mdomo wako."

Hapa lazima ielezwe Hewani ni wapi, maana mtu wa mjini hawezi kuelewa namna tunavyopendana huku. Kijijini kwa akina Rogathe mtandao haukai. Ukitaka kupiga simu au kufungua Wasap, unapanda kilima kilichojaa vishona nguo mpaka kwenye jiwe la juu, unainua mkono, unamwomba Mungu. Kilima hicho ndicho watu wanakiita Hewani. Hakuna anayeshuka kule bila vile vijimbegu vyeusi kumganda nguoni. Kanisani unamjua aliyetoka kuongea na mpenzi wake kwa kuangalia pindo la nguo yake. Na kwa kuwa si kila mtu ana nafasi ya kupanda, anayepanda hubebeshwa simu za wenzake. Unaandika ujumbe wako nyumbani, unabonyeza kutuma, kialama cha saa kinakaa pembeni kuonyesha haujaondoka. Simu ikifika juu mikononi mwa mwenzako, ujumbe unaondoka wenyewe, na uliotumiwa wewe unaingia. Unaletewa simu jioni ikiwa imejaa salamu. Watu wamechumbiana hivyo, na watu wamezikana hivyo.

Ijumaa ile Rogathe alipanda mwenyewe. Ujumbe wa Meshack aliusoma mara nyingi mpaka akaukariri: *Mama na baba mdogo wamefika, wapo kwangu Jorodom. Ongea na baba. Akikubali niambie, kesho Jumamosi tunatoka na gari la mchana, tunalala kwa Katekista Patriki, Jumapili baada ya ibada tunakaa na baba. Ukinyamaza nitajua amekataa. Siwezi kuwaleta wazee wangu kutoka Tukuyu waje kufukuzwa.*

Alipoanza kujibu, mtandao ukaondoka. Hakusikitika. Jibu hakuwa nalo bado.

"Nilikaa na simu mkononi Jumamosi nzima," Meshack aliendelea. "Mama alikuwa amefunga mizigo tangu asubuhi. Alikuja na ndizi za kwetu na kitenge cha mama yako. Ananiuliza, Meshack, huyo binti amejibu? Namwambia, mama, kule mtandao ni shida, tusubiri. Gari la mchana likaondoka. Ananiuliza tena. Namwambia tusubiri, labda kesho. Jioni nikaenda zamu."

Rogathe aliuma mdomo. Nyuma yao punje za mahindi zilikuwa zinadondoka kwenye beseni, kidogo kidogo, bila kukatika.

"Halafu ukanijibu Jumanne."

"Sio Jumanne."

"Jumanne, Rogathe. Nilikuwa kwenye gari na jeneza la mama. Tulikuwa tumeshapita Iringa. Simu ikalia, nikaona jina lako, nikafurahi. Unaelewa? Nilifurahi, na mama amelala pale miguuni pangu. Nikafungua." Alitoa simu mfukoni, akaiwasha, akamsogezea. "Soma."

*Baba amekubali. Njooni leo. Nawasubiri.*

Chini yake, Jumanne.

Rogathe alikimbilia ndani, akarudi na simu yake, akaifungua. "Angalia ya kwangu. Angalia mwenyewe, Meshack. Jumamosi. Jumamosi asubuhi."

Waliziweka simu mbili pamoja kwenye gogo. Maneno yale yale, herufi zile zile. Moja inasema Jumamosi, nyingine inasema Jumanne. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Meshack alimtazama usoni, na Rogathe akaona kitu kidogo kikiamka ndani ya macho yale, kitu alichokuwa anakililia kila siku.

"Uliandika Jumamosi?"

"Baba alikubali Ijumaa usiku. Asubuhi nikaandika, nikabonyeza. Kwangu inaandika siku niliyobonyeza. Kwako inaandika siku ilipofika."

"Kwa hiyo ilikaa kwenye simu tangu Jumamosi mpaka Jumanne."

"Jumanne, habari ya mlima ilipotufikia na wageni hawangojwi tena, nilipanda mwenyewe kutafuta habari zako. Nilikuwa sina akili. Nilipofika kwenye jiwe simu ikashika mtandao, ujumbe wa zamani ukachomoka kabla hata sijakumbuka kwamba upo."

"Na Jumamosi? Kwa nini hukupanda Jumamosi?"

Kwa sababu ya mila ya nyumba ile. Kwa akina Theodory, baba akishatamka kwamba wageni waje, binti havuki tena zizi la ng'ombe mpaka wageni hao waingie. Akionekana njiani itasemwa amekwenda kuwalaki, na heshima yake itakuwa imeisha kabla hata mahari haijatajwa. Kwa hiyo Rogathe alimpa simu mama yake. Mama aliondoka nayo asubuhi na mapema, akarudi mchana, akamwambia, *nimepanda, mtandao haukuwepo*. Rogathe aliamini. Kwa nini asiamini? Mtandao mara nyingi haukuwepo.

Alifungua mdomo aseme hayo. Meshack akamtangulia.

"Maana Patriki alipanda Jumamosi hiyo hiyo," alisema. "Tulichati naye muda mrefu tu. Mtandao ulikuwa mzuri. Subiri nikuonyeshe."

Akaitafuta, akampa. Patriki alikuwa ameandika: *Nyumba ipo tayari, vitanda vitatu. Jibu la kwao siwezi kulisema mimi, utapewa na wenyewe.* Meshack alikuwa ameuliza: *Umemwona Rogathe huko juu?* Na Patriki: *Sijamwona. Mama yake nimempita kwa Helena hapo chini, wanakunywa chai. Huku leo mtandao safi kabisa.*

Rogathe alisoma mara ya pili. Kwa Helena ni dukani, chini kabisa ya kilima, kabla njia haijaanza kupanda.

Akakumbuka kitenge. Mama alirudi mchana ule akakivua, akampa akikunje. Kilikuwa kisafi. Rogathe alikikunja na kukipiga pasi kwa viganja vyake huku akiwaza wageni watakaa viti gani, na hakuona kwamba hakikuwa na kishona nguo hata kimoja. Mtu anayependa macho yake yote huwa yapo barabarani.

Zile punje za mahindi zilikuwa zimeacha kudondoka.

Hakugeuka. Hakuhitaji kugeuka. Alijua mama yake amekaa pale na gunzi mkononi, ameshikilia pumzi, anasubiri.

"Simu ilikuwa na nani Jumamosi?" aliuliza Meshack.

Wakati huo huo Mzee Theodory alitokea mlangoni na kikombe cha maziwa, akitembea polepole asiyamwage. Alikuwa na furaha ya kumhudumia mgeni, maskini, uso wake ulikuwa mkunjufu kabisa. Rogathe alimwona baba yake, akamwona na mama yake kwa kisogo, akaiona nyumba yote. Neno moja tu, na hakuna ambaye angekuwa mtu yule yule tena humo ndani.

"Ilikuwa na mimi," alisema.

"Hapa nyumbani?"

"Hapa nyumbani. Niliandika, nikabonyeza, halafu nikaingiwa na hofu. Tukuyu ni mbali. Nikaificha simu chini ya godoro. Sikuipeleka Hewani." Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, mepesi, kana kwamba mtu mwingine alikuwa amemwandalia. "Nilisita, Meshack."

Kile kitu kilichokuwa kimeamka machoni mwake kikazima. Rogathe alikiona kinavyozima, na alitamani ardhi immeze.

"Ulisita," alirudia Meshack.

"Ndiyo."

"Ungesema hapana. Hapana ningeielewa. Tungepanda gari la Jumamosi ile ile turudi kwetu, sijui. Hata hapana ingetutoa pale."

Mzee Theodory alifika, akampa maziwa. Meshack aliyapokea kwa mikono miwili, akanywa yote bila kupumua, akarudisha kikombe, akashukuru. Aliinuka.

"Asante kwa kusema kweli," alimwambia Rogathe. "Nilikuwa nataka kujua tu. Kuna watu waliniambia labda ni wazazi wako wamekuzuia. Nikasema nisiwadhanie watu wazima ubaya, nikaulize."

"Meshack."

"Bodaboda ananisubiri kwa Helena." Aliiinua simu yake, akaitazama kama kitu asichokijua matumizi yake. "Hii laini nikifika Singida naitoa. Watu bado wananitumia picha za ile nyumba. Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

Mama alijibu "marahaba" kwa sauti ambayo hata mbwa hawakuisikia. Rogathe alimsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona ya uzio wa minyaa. Hakugeuka nyuma. Angegeuka, Rogathe angemkimbilia, na habari hii ingekuwa nyingine.

Mzee Theodory alikuwa bado ameshika kikombe kitupu. "Ulificha simu?" alimuuliza binti yake, taratibu sana. "Mimi nilikubali, Rogathe. Nilikuuliza mara mbili. Ulisema unampenda."

"Nisamehe, baba."

Mzee alitikisa kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakumgombeza. Ni bora angemgombeza.

Jikoni, jua likiwa linazama, mama alikuwa anasonga ugali uliokwisha kuiva. Rogathe aliingia, akakaa kwenye mfuko wa mkaa karibu na mlango.

"Ulikaa kwa Helena."

Mwiko uliendelea kuzunguka.

"Ulikunywa chai."

"Nilikunywa," mama alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka nilipojua gari la mchana la Katesh limeshaondoka."

Rogathe alitegemea atakataa. Alikuwa amejiandaa kugombana. Sasa hakujua aanzie wapi.

"Dada yako Evaline," mama alisema, mgongo ukiwa bado umemgeukia, "alichukuliwa na mwalimu wa watu, akapelekwa Kigoma. Nilicheza ngoma, nikala pilau ya harusi. Alipokufa na uzazi nililetewa picha ya kaburi kwenye simu. Picha, Rogathe. Baba yako alipanda Hewani kuipokea, ikazunguka pale kwenye kioo nusu siku nzima inagoma kufunguka. Nimekaa na simu hivi naangalia duara linazunguka, nangoja kuona mahali mwanangu alipolala. Mpaka leo sijui kichwa kimeelekea wapi. Nikasema huyu mwingine hapana. Huyu ataolewa mahali ambapo nikisikia anaumwa nitavaa kandambili niende."

"Ungemwambia baba."

"Baba yako anapenda kila mtu."

"Ungeniambia mimi."

"Ungenisikiliza?"

Rogathe alijua asingemsikiliza.

"Sikujua mlima utaanguka," mama alisema. Sasa aligeuka. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu mchana. "Mungu ananiona. Nilitaka yule kijana akate tamaa tu. Vijana hukata tamaa, wanapona, wanaoa wengine."

"Mama yake hakupona."

"Unadhani silioni hilo? Unadhani nalala? Yule mama alikuwa amenifungia kitenge. Nilimsikia mwanawe akisema pale."

Alikaa chini ghafla, sakafuni, kando ya mafiga. Rogathe hakukumbuka kama aliwahi kumwona mama yake amekaa sakafuni.

"Mbona hukunitaja?" mama aliuliza.

"Ningewezaje?"

"Watu wakijua..." Hakumaliza. Hapakuwa na haja. Bibi yake Rogathe alikuwa akiwasimulia juu ya nyumba zilizotengwa zamani kwa sababu ya kifo cha mtu: hakuna aliyekanyaga ua wao, hakuna aliyeomba moto kwao, ng'ombe wao walinyweshwa peke yao. Siku hizi wote ni Wakristo, wanapeana mikono ya amani kanisani. Lakini watu ni wale wale, na wana namna ya kuacha kupita njia ya kwako bila kusema kitu.

Rogathe alichukua simu yake. Aliandika polepole, akifuta na kurudia, mwanga wa kioo ukimpiga usoni. Alipomaliza, alimsomea mama yake kwa sauti, neno kwa neno, maana macho ya mama herufi ndogo hayazioni.

"*Meshack, leo nimekudanganya. Sikuficha simu. Jumamosi asubuhi nilimpa mama aipeleke Hewani, na mama hakupanda. Aliogopa kunipoteza. Mimi nilikuwa nimeoga, nimesuka, nawasubiri. Sikusita hata kidogo. Nakupenda. Usitoe laini kabla hujanijibu.*"

Akabonyeza. Kialama cha saa kikakaa pembeni mwa ujumbe, kidogo kama punje ya ulezi.

"Basi lake linaondoka Katesh asubuhi," alisema. "Akipita Singida tumekwisha. Giza limeingia, huko juu kuna fisi, sasa hivi hapandiki. Lakini alfajiri panapandika."

"Utapanda?"

"Mimi siwezi, mama. Nikipanda mimi nitakuwa nimekupeleka mahakamani kwa mkono wangu, na mkono huu ni wewe uliyeulea. Wewe ukipanda, utakuwa umetubu." Aliiweka simu kwenye kigoda, karibu na chumvi. "Usipopanda sitakuuliza. Sitakuuliza kamwe. Nitaolewa Masakta au popote utakapotaka, nitakuletea wajukuu. Lakini utakuwa umenizika, na kichwa changu utajua kimeelekea wapi."

Alitoka. Ugali ule haukuliwa na mtu.

Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito, ule wa huku kwetu unaomeza hata ng'ombe aliye mbele yako. Rogathe aliamka akakuta kigoda kitupu. Simu haipo, kandambili za mama hazipo. Alikamua ng'ombe mmoja, akahamia wa pili, akasahau kama amekwisha kumkamua wa kwanza. Mara mbili alikwenda kwenye uzio kutazama upande wa Hewani. Kilima chenyewe hakikuonekana.

"Mama yako yuko wapi?" Mzee Theodory aliuliza.

"Amekwenda Hewani."

"Na ukungu huu? Kufanya nini?"

"Kupeleka salamu."

Jua lilianza kuutoboa ukungu. Kule Katesh mabasi ya asubuhi yalikuwa yanapiga honi kuita abiria. Halafu yakawa yameondoka. Rogathe aliyajua yote hayo bila kuyaona, kwa sababu usiku kucha alikuwa amesafiri nayo. Ukungu ukaisha kabisa, kilima kikatokea, kitupu, hakuna mtu kileleni wala njiani.

Mbwa hawakubweka. Mama aliingia kwa upande wa zizi, akahema, akaegemea nguzo. Alimnyooshea simu.

Rogathe aliichukua. Kialama cha saa kilikuwa bado pale pale.

"Nimepanda," mama alisema. "Nimefika kwenye jiwe. Nimeiinua hivi, na mkono huu, na mkono huu. Nimezunguka jiwe lote. Nimekwenda mpaka upande wa pili kule kwenye korongo, nikarudi. Nimekaa mpaka jua limetoka. Mtandao haukuwepo."

Yalikuwa maneno yale yale. Hata sauti ilikuwa ile ile. Rogathe alimtazama usoni, akaona kwamba uso wa mtu hauwezi kumsaidia tena, alishauamini mara moja. Kwa hiyo akaangalia chini.

Kitenge cha mama kilikuwa kimelowa umande mpaka kiunoni. Kandambili moja ilikuwa imekatika. Ugoko wa kushoto ulikuwa umechubuka na damu ilikuwa imeshuka mpaka kisiginoni ikakauka na udongo. Na kuanzia pindoni mpaka magotini, mbele na nyuma, kitenge hakikuonekana rangi yake kwa vishona nguo.

"Utapanda mwenyewe sasa hivi?" mama aliuliza.

Rogathe alitazama jua lilipofika. "Sasa hivi atakuwa Singida."

Aliiweka simu juu ya nguzo ya zizi. Akapiga magoti kwenye samadi, akashika pindo la kitenge, akaanza kuving'oa vile vijimbegu kimoja kimoja, akivitupa pembeni. Mama alisimama wima, mikono ameiacha inaning'inia, akamwachia.

"Safari hii nilipanda, Rogathe."

"Naona, mama."